Panya Wasioweza Kuchoma Mafuta

Mafuta ya mwilini yamepewa sifa mbaya katika mazungumzo ya siku hizi kuhusu afya, kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa kazi yake ya kwanza ni kuwa akiba, kwani gramu moja ya mafuta hubeba takriban kilokalori 9 za nishati ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hubeba takriban 4 tu. Akiba hiyo, hata hivyo, haimfai kitu mtu ambaye mwili wake hauna njia ya kuifungua. Wapo watoto wanaozaliwa na mafuta ya kutosha chini ya ngozi lakini wasio na uwezo wa kuyatumia, na wapo wengine ambao kasoro yao ni kinyume cha hiyo, kwamba mafuta yao hayana mahali pa kukaa. Na sehemu kubwa ya yanayofahamika leo kuhusu maradhi hayo ya kurithi imetokana na panya waliobadilishwa jeni kwa makusudi maabarani. Panya hao ndio mada ya mazungumzo haya, na zaidi ya yote wale waliokataa kuugua kama watafiti walivyotarajia, maana hao ndio waliofundisha mengi.

Ili kuelewa kinachoharibika, inafaa kwanza kutazama kinachotokea katika mwili wenye afya wakati wa njaa. Mtu aliyefunga, baada ya kula daku, hutumia kwanza sukari iliyotoka kwenye chakula, kisha ini lake huanza kutoa sukari iliyohifadhiwa humo kwa umbo la glaikojeni, yaani sukari iliyounganishwa na kufungashwa kama ghala dogo la muda. Ghala hilo ni dogo kweli, nalo huzidi kupungua kadiri jua linavyoelekea kuchwa, ndipo mafuta yanapochukua nafasi kubwa zaidi na zaidi: hutolewa kwenye tishu zake, husafirishwa na damu hadi kwenye misuli, moyo na ini, na sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa ketoni, ambazo ni vipande vidogo vya nishati ambavyo hata ubongo unaweza kuvitumia. Mfungaji mwenye afya hahisi lolote katika mabadiliko hayo ila njaa na kiu. Mtoto aliyerithi kasoro katika njia hiyo anaweza kuzimia kabla ya kufika huko.

Njia yenyewe ilianza kufahamika mwaka 1904, pale mwanakemia Mjerumani Franz Knoop alipowalisha mbwa asidi za mafuta alizoziwekea alama mwishoni, kisha akachunguza mkojo wao na kugundua kuwa mwili hukata mnyororo wa mafuta kwa hatua, ukitoa kaboni 2 kila mara. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni, mfupi au mrefu, na ukataji huo hufanyika ndani ya mitokondria, ambazo ni viungo vidogo sana ndani ya seli vinavyozalisha nishati. Kinachofanya suala hili liwe gumu ni kwamba hakuna kimeng'enya kimoja, yaani protini moja inayoharakisha kemia ya mwili, kinachoweza kuanza kuukata mnyororo wa kila urefu. Vipo vinne vya familia moja vinavyogawana kazi hiyo: kimoja cha minyororo mirefu sana, kinachojulikana kwa herufi VLCAD, kimoja cha mirefu, LCAD, kimoja cha wastani, MCAD, na kimoja cha mifupi, SCAD. Mafuta yanayotoka kwenye akiba huingia kwa minyororo mirefu na kupokezwa kutoka kimoja hadi kingine kadiri yanavyofupishwa, na kimoja kikikosekana mnyororo hukwama njiani, mabaki hurundikana, na nishati haipatikani wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Ugonjwa unaofahamika zaidi katika kundi hili ni upungufu wa MCAD, ulioelezwa na madaktari mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao katika watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000. Mtoto huyo huzaliwa akiwa mzima, hunyonya, hucheka, hukua, na hakuna dalili hata moja ya kumtisha mzazi, mpaka siku anapopata homa au kuharisha, akakataa kula usiku kucha. Asubuhi anakutwa amelegea, sukari ya damu imeshuka vibaya, na kabla ya ugonjwa huo kujulikana vifo vya namna hiyo viliandikwa kuwa vya ghafla visivyo na sababu. Mtoto hurithi ugonjwa pale tu anapopokea nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wao wenyewe, wakiwa na nakala moja nzima kila mmoja, hawaumwi. Tiba yake ni nyepesi kiasi cha kusikitisha: mtoto asikae na njaa muda mrefu, na akiugua apewe sukari mapema. Kutokana na wepesi huo wa tiba, Marekani na nchi nyingi za Ulaya humpima kila mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino.

Swali ambalo tone la damu haliwezi kulijibu ni nini hasa kinachotokea ndani ya ini, moyo na ubongo wakati wa dhoruba hiyo, wala kwa nini mtoto mmoja hufa na ndugu yake mwenye jeni zile zile huishi bila kuugua kamwe. Hakuna daktari anayeweza kumfungia mtoto chakula ili amtazame akianguka. Ndipo panya anapoingia. Lugha ya Kiswahili hutumia neno panya kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha, yule mkubwa na yule mdogo wa gramu 20 hadi 30 anayejificha nyuma ya magunia, na anayezungumziwa hapa ni huyo mdogo, ambaye hubeba mimba kwa takriban siku 20, hukomaa baada ya wiki 6 hadi 8, na ambaye jeni zake, kama ramani iliyochapishwa mwaka 2002 ilivyoonyesha, karibu zote zina mwenzake ndani ya binadamu.

Ufundi wa kuzima jeni moja iliyochaguliwa ulijengwa na watu watatu waliotunukiwa Nobeli mwaka 2007, Mario Capecchi, Oliver Smithies na Martin Evans. Evans, akiwa na Matthew Kaufman huko Cambridge, alifaulu mwaka 1981 kutoa kwenye kiinitete cha panya seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa tishu yoyote ya mwili, na kuzikuza katika chombo. Capecchi na Smithies, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa kipande cha DNA kilichotengenezwa kwa mfano wa jeni halisi, lakini kikiwa kimeharibiwa katikati, kinaweza kuingia ndani ya seli na kukaa mahali pa ile halisi. Seli iliyobadilika huingizwa katika kiinitete cha siku chache, kiinitete hupandikizwa katika tumbo la panya mlezi, na anayezaliwa huwa mchanganyiko wa seli za aina mbili, mara nyingi akiwa na manyoya ya mabaka ya rangi mbili yanayomjulisha mtafiti kwamba kazi imefaulu. Baada ya vizazi viwili vya kuzalisha hupatikana panya ambaye nakala zake zote mbili za jeni hiyo zimezimwa. Kazi hiyo ilichukua mwaka mmoja au zaidi, na tangu mwaka 2013, baada ya mkasi wa jeni uitwao CRISPR kutumika moja kwa moja katika viinitete vya panya, imekuwa kazi ya wiki chache.

Maumbile nayo hayakusubiri mkasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iligundulika kuwa ukoo mmoja wa panya weupe wa maabara, uitwao BALB/cByJ, haukuwa na kimeng'enya cha minyororo mifupi, SCAD, ingawa panya hao walikuwa wakinunuliwa na kutumiwa katika majaribio ya kila aina bila yeyote kujua kuwa wana kasoro ya kurithi. Huko Japani nako, katika kundi jingine la panya, walizaliwa wachanga wenye ini lililojaa mafuta, ambao baadaye walithibitika kukosa mlango wa kuingizia kanitini ndani ya seli, kanitini ikiwa ni kitu kinachoyapitisha mafuta marefu kwenye ukuta wa mitokondria. Kasoro ile ile humpata mtu takriban mmoja kati ya 300 katika visiwa vya Faroe, kiwango kikubwa kuliko kinachojulikana mahali pengine popote, na hutibiwa kwa kumeza kanitini yenyewe.

Kisa chenye mafunzo mengi zaidi ni cha LCAD. Katika miaka ya 1980 madaktari walieleza watoto ambao mafuta yao marefu hayakuweza kukatwa, na wakahitimisha kwamba watoto hao wamekosa LCAD, kwa kuwa ndicho kimeng'enya cha minyororo mirefu kilichojulikana wakati huo. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waligundua kimeng'enya cha nne, VLCAD, na wagonjwa wa zamani walipopimwa upya ilibainika kuwa kilichokosekana kwao kilikuwa hicho kipya, wala si LCAD. Ugonjwa wa upungufu wa LCAD ukabaki jina lisilo na mgonjwa. Hata hivyo Philip Wood na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham walimtengeneza panya asiye na LCAD, wakamtangaza mwaka 1998, na panya huyo akaugua kama vile alivyotakiwa kuugua mtoto wa vitabuni: alipokosa chakula sukari yake ya damu ilishuka, ini na moyo vilijaa mafuta, baridi hakuistahimili, na baadhi ya panya wa namna hiyo walikufa ghafla. Panya asiye na VLCAD, yule aliyepaswa kufanana na wagonjwa halisi, alipotengenezwa alionekana kuwa na nafuu kubwa, akidhoofika hasa anapobanwa na njaa au baridi.

Maana yake ni kwamba wanyama hawa wawili, binadamu na panya, wamegawa kazi ile ile kwa namna tofauti. Katika ini na misuli ya binadamu LCAD ni chache na VLCAD ndiyo inayobeba mzigo. Katika panya LCAD ina nguvu ya kutosha kumshikilia mwenye upungufu wa VLCAD asianguke. Anayemtazama panya kama nakala ndogo ya mtu ataona hapo kushindwa kwa jaribio, lakini hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani bila panya hao wawili kuwekwa sambamba isingejulikana kwa uhakika kwamba kimeng'enya kimoja kinaweza kuziba pengo la kingine, wala kwamba kuziba huko hutegemea aina ya mnyama. Panya asiye na MCAD, aliyetoka katika maabara hiyo hiyo ya Alabama mwaka 2005, alileta fumbo la namna yake: takriban asilimia 60 ya wachanga walikufa kabla ya kuachishwa ziwa, lakini waliopona waliishi hadi utu uzima bila dalili, mpaka waliponyimwa chakula na kuwekwa katika baridi. Mtoto wa binadamu huanguka kwa njaa na homa, panya huanguka kwa njaa na baridi.

Baridi hiyo inastahili maneno zaidi, kwa sababu inagusa majaribio yote ya mafuta. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na panya hulirudisha kwa kuchoma mafuta katika tishu maalumu ya rangi ya kahawia iliyo mgongoni. Maabara nyingi za dunia hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 22 za selisiasi, joto linalomfaa mtafiti aliyevaa koti, wakati joto ambalo panya hahitaji kujipasha lolote ni karibu nyuzi 30, yaani joto la mchana wa Mombasa au Dar es Salaam. Panya wa maabara kwa hiyo huishi maisha yake yote katika baridi ya kiasi, akichoma mafuta kwa kasi ambayo binadamu aliyevaa nguo haijui, na anayelinganisha umetaboli wa wawili hao, yaani jumla ya mabadiliko ya kemia yanayoendesha mwili, bila kuuliza kipimajoto kilisoma ngapi, analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Somo kama hilo limejirudia upande wa kolesteroli, ile lehemu inayohitajika kujenga kuta za seli lakini inayoziba mishipa inapozidi katika damu. Panya wa kawaida karibu hazibi mishipa kabisa, kwa kuwa kolesteroli yake nyingi husafiri katika vifurushi vile vinavyoirudisha kwenye ini. Mwaka 1992 kundi la Nobuyo Maeda huko North Carolina na lile la Jan Breslow huko New York, bila kushirikiana, walizima jeni ya apolipoprotini E, protini inayotambulisha vifurushi vya mafuta kwa ini ili viondolewe katika damu, na kolesteroli ya panya waliokula chakula cha kawaida ikapanda kutoka takriban miligramu 60 hadi karibu 500 kwa desilita moja, na utando wa mafuta ukaanza kuota ndani ya mishipa yao. Mwaka uliofuata maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas ilizima jeni ya kipokezi cha LDL, kile kishikio cha ini kinachoinasa kolesteroli mbaya na ambacho ugunduzi wake uliwapatia Nobeli mwaka 1985. Panya wakawa na ugonjwa unaofanana na ule wa kurithi unaopandisha kolesteroli katika familia nzima za watu. Lakini hapa pia ulinganifu una mpaka: mishipa ya panya hao huziba, ila mara chache mno hupasuka uvimbe na kuganda damu kwa namna inayoua moyo wa mtu.

Kwa jeni ya PCSK9, inayoamuru vishikio hivyo kuharibiwa, panya na mtu walikubaliana. Mwaka 2005 panya waliozimwa jeni hiyo walionekana kuwa na kolesteroli ndogo na vishikio vingi, na mwaka huo huo watafiti wa Dallas, wakiongozwa na Helen Hobbs na Jonathan Cohen, waliwakuta Wamarekani weusi ambao maumbile yenyewe yalikuwa yamewazimia nakala moja ya jeni hiyo, wakiwa na kolesteroli ndogo bila madhara yanayoonekana. Uchunguzi uliofuata huko Zimbabwe ulikuta badiliko moja kati ya hayo kwa asilimia 3.7 ya akina mama waliopimwa, jambo linaloonyesha kuwa chanzo chake kiko Afrika, na kufikia mwaka 2015 dawa za sindano zinazoizuia protini hiyo zilikwishaidhinishwa Marekani na Ulaya. Bei yake ni habari nyingine, na si ya kufurahisha kwa wale ambao damu yao ilionyesha njia.

Wale wasio na mahali pa kuweka mafuta wana ugonjwa ulioelezwa na Berardinelli nchini Brazili mwaka 1954 na Seip nchini Norwe mwaka 1959. Mtu huyo amekonda kwa sura, misuli imejichora chini ya ngozi, lakini ini lake limevimba kwa mafuta na kisukari chake hakisikii insulini. Mwaka 1998 walitengenezwa panya wa aina mbili wa kuufanyia utafiti, mmoja Dallas, aliyebakiwa na mafuta kidogo, na mwingine karibu na Washington katika taasisi za afya za serikali, aliyekosa mafuta meupe karibu kabisa. Panya wa Dallas alipopewa leptini, homoni ambayo mafuta yenyewe huitoa ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba, kisukari chake kilipona. Panya wa pili alinufaika kidogo tu na leptini, lakini alipopandikizwa mafuta ya panya mwenzake mzima alipata nafuu kubwa. Majibu hayo mawili yangeweza kuchukuliwa kuwa yanapingana, kumbe yalikuwa yanasema jambo moja kwa pande mbili, kwamba mafuta ni ghala na ni mjumbe kwa wakati mmoja, na mgonjwa hukosa vyote viwili. Mwaka 2002 wanawake 9 waliodungwa leptini kwa miezi minne walishuka mafuta ya damu, yaani trigliseridi, kwa asilimia 60, na mwaka 2014 dawa hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani.

Yule panya wa LCAD, aliyetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa usio na mgonjwa, hakutupwa. Mwaka 2014 watafiti wa Pittsburgh walieleza kuwa LCAD, iliyo chache katika ini la binadamu, ipo kwenye mapafu, ndani ya seli zinazotengeneza utando mwembamba wa mafuta na protini unaovizuia vifuko vya hewa visinywee kila mtu anapotoa pumzi, na kwamba panya wasio na LCAD walikuwa na utando dhaifu na mapafu magumu kutanuka. Walipochunguza mapafu yaliyohifadhiwa ya watoto wachanga waliokufa ghafla bila sababu kujulikana, waliwakuta wawili ambao LCAD haikuonekana kwao kabisa, na ambao walikuwa wamerithi kutoka kwa baba na mama aina ile ile iliyobadilika ya jeni hiyo.